Nyayo Katika Chaneli ya Saba

Siku ya kusikilizwa ilipofika, Mama Ndahani alipiga hodi jikoni kwake mwenyewe.

Jiko hilo alilikandika kwa mikono yake. Udongo wa kuta aliukanyaga kwa miguu yake, na mafiga yake matatu aliyachagua jiwe kwa jiwe. Lakini alisimama kizingitini na kata ya maji mkononi, akasema, "Hodi humu ndani," na mwanawe Ndahani, aliyekuwa ameinamia bakuli la uji, akajibu bila kugeuka, "Karibu, mama." Mnasikia maneno hayo? Mtoto anamkaribisha mama yake jikoni kwa mama yake! Mimi ninayewasimulia nimeona vituko vya kutosha katika Mji ule. Nimeona mto ukirudi ulikotoka kwa kuwa umesahau kitu, nimeona mtu akizeeka kabla ya chai na kuwa kijana tena baada ya chai. Hodi ile sijaizoea, na wala sitaki kuizoea.

Sababu yake ilikuwa hii. Miguu ya yule mama haikuwa na sauti. Alitembea kama watu wengine, tena kwa kuchechemea, maana nyonga yake ya kushoto iliumia kisimani alipokuwa msichana. Ila hatua zake hazikusikika. Aliweza kuvuka ua uliojaa majani makavu usisikie hata jani moja. Mwanzoni watu walicheka. Kisha siku moja alitokea ghafla nyuma ya mkwewe aliyekuwa akiepua maharage, mkwe akashtuka, maharage yakammwagikia miguuni. Tangu hapo mama akawa anapiga hodi kila mahali: hodi jikoni, hodi uani, hodi hata kwenye chumba anacholala peke yake, asije akajishtua mwenyewe. Ndahani alipomwona anahangaika alimwambia, "Ni uzee tu, mama. Uzee unapunguza uzito wa mtu." Naye mama akajibu, "Labda, baba."

Labda, baba. Maneno hayo mawili Ndahani alikwenda nayo kazini kila siku kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu.

Sasa nieleze Mji, msije mkasema nimewaficha. Ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: kinachotolewa katika wimbo hutoka pia duniani. Ukifuta ngoma ya mtu katika wimbo, ngoma yake nyumbani inageuka kigoda. Jina la Mji silitaji kwa sababu silijui. Waliokuwa wakilijua waliliweka ndani ya wimbo, na mchanganya sauti mmoja akaona linarefusha kiitikio, akalitoa. Basi likapotea mpaka leo, na barua za kwenda huko zinaandikwa "Kule".

Ndahani alikuwa mchanganya sauti, na si wa kubahatisha. Waimbaji na wapigaji hurekodiwa kila mmoja katika chaneli yake, halafu anakuja yeye, anakaa mbele ya meza yenye vishikizo vya kusogeza, kimoja kwa kila chaneli. Akikisogeza juu, mtu anasikika. Akikishusha, mtu huyo hakuwepo. Kazi ya kidole kimoja! Tumezoea kuwaogopa wenye sauti kubwa, wale wanaopanda jukwaani na kunyoosha mikono. Hatumwogopi yule aliyekaa kwenye kiti cha nyuma, ameinamisha kichwa, anakunywa chai, na kidole chake kiko juu ya kishikizo. Yeye ndiye anajua nani alikohoa, nani alikosea ufunguo, nani alilia katikati ya ubeti akasema ni mafua. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ila mwosha maiti anapokea maiti aliyekwisha kufa, huyu wetu anapokea watu wazima wenye afya zao.

Wimbo uliomletea Ndahani jina uliitwa "Naja". Ulikuwa wimbo wa zamani wa akina mama, ukavishwa magitaa ya umeme, drams na besi, mpaka vijana wa Mji wakawa wanauruka-rukia viatu vikiwatoka. Asili yake ilikuwa hivi. Zamani mama akienda shambani alimwacha mtoto mchanga nyumbani na bibi, na kifundoni alifunga njuga, vile vikengele vidogo vya chuma. Akirudi, njuga zinatangulia. Mtoto anazisikia zikiwa bado mbali, ananyamaza kabla hajamwona mtu. Na maneno ya wimbo yalikuwa hayo tu: *Nyamaza, naja. Nyamaza, naja.* Wimbo wa kutembea. Uliimbwa kwa miguu, na mdomo ulifuata.

Wimbo wa Ndahani ulipotoka, Mji mzima uliucheza. Lakini watoto wachanga, kila ulipopigwa, walilia. Wote. Walilia mpaka wakabadilika rangi, mama zao wakawa wanaziba spika kwa mito. Ndipo Baraza la Masikio likaitisha wimbo ufunguliwe, chaneli kwa chaneli, mbele ya watu.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umebandikwa trei za mayai kuta zote, kama studio yoyote ya uchochoroni, na katika kila shimo la trei kulikuwa na kimya kidogo kilichokaa kikisubiri. Watu walijaa. Ndahani alipowatazama aliona wote wana masikio yanayofanana, akajigusa lake, akakuta ndilo hilo hilo. Akakaa mbele ya meza ya mitambo. Kiti kilikuwa bado na joto la mtu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe wa miaka ile. Kaondoka sasa hivi tu, kaacha kikombe.

Aliyeongoza Baraza alikuwa Bi Sechelela, mwanamke mnene, mkavu wa maneno, aliyekuwa akifuma kitambaa cha meza muda wote kwa sindano yake ya uzi. Alikuwa amevua viatu. Alisema anasikia besi kwa nyayo.

"Sheria mnaijua," alisema, macho kwenye uzi. "Wimbo ukianza hausimami. Dakika zinaweza kuwa ndefu, mtu anaweza kwenda kula na kurudi, lakini hausimami. Ukiisha bila aliyekosekana kutajwa na aliyemwondoa, kwa mdomo wake, unapigwa lakiri, haufunguliwi tena. Aliyekosekana amekosekana moja kwa moja. Haya, fundi. Piga."

Ndahani alijua vizuri kuliko wote maana ya maneno hayo. Wimbo ulikuwa na dakika nne. Katika dakika nne hizo ama angesema, ama mama yake angepiga hodi katika nyumba yake mpaka siku ya kuingia kaburini, na huenda hata huko angebisha kwanza.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Hakuna aliyemsikia akiingia.

Wimbo ukaanza. Bi Sechelela akawa anaita chaneli na Ndahani anaifungua peke yake, nyingine zimefungwa. Ya kwanza mpaka ya tatu, drams: zimekaa vizuri. Ya nne, besi: nyayo za Bi Sechelela zikachezacheza. Ya tano, gitaa la solo la Chiwanga. Ya sita, sauti ya mwimbaji, sauti ya mwanamke wa makamo, kavu kidogo, yenye mchanga ndani yake. Ya saba, zeze. Ya nane.

Ya nane ilikuwa kimya.

"Hapa alikaa nani?"

"Hapakuwa na mtu, Bi mkubwa. Niliiacha wazi."

"Mbona nakuta gundi ya karatasi? Kulikuwa na jina limebandikwa, likabanduliwa."

"Ni meza ya zamani. Imeshikwa na wengi."

Bi Sechelela akavuta uzi. "Wimbo unaitwa 'Naja'," alisema taratibu. "Nimesikia anayeimba. Nimesikia wanaompigia. Anayekuja yuko wapi?"

Watu wakacheka, mcheko wa kukereka. Ndahani naye akacheka kidogo, na jasho likamshuka mgongoni likaingia kwenye mkanda wa suruali.

*Hapakuwa na mtu. Hapakuwa. Niseme hapakuwa mara ngapi ndipo pasiwe? Mezani mwangu mtu huondoka kwa kidole kimoja. Kwa nini humu kichwani haondoki?*

*

Dakika ya pili ilichukua muda mrefu. Wengine walikwenda kula wakarudi wakiwa na ndevu. Katikati ya ukuta mlango ulijifungua, na Ndahani akaona kwa ndani ua wa utotoni: mtoto wa miaka miwili amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, mdomo wazi, analia. Akainua kichwa. Akanyamaza. Mlango ukafungwa.

"Gitaa," alisema Bi Sechelela. "Linapanda. Sikilizeni. Hapa, limepanda. Limeshuka. Hapa tena, limepanda. Halipandi kwa sababu ya ubeti, wala halipandi kwa sababu ya kiitikio. Linapanda mahali pale pale, kila baada ya hatua moja, kama mtu anayekohoa kila mwenziwe akitaka kusema. Chiwanga, ndivyo ulivyopiga?"

Chiwanga, mpiga gitaa, mwembamba, mpole, rafiki wa Ndahani tangu wakiwa wanatengeneza magitaa ya madebe, akasimama. Alimtazama rafiki yake kwanza.

"Bi mkubwa, mimi nilipiga sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Mkono wangu haukupanda. Aliyepandisha yuko pale."

"Fundi?"

"Ni ladha tu," alisema Ndahani. "Ndiyo mtindo wetu wa kuchanganya."

"Ladha! Chumvi gani hiyo unamwaga upande mmoja wa sufuria?" Sindano ikasimama. "Na kingine. Katika Mji huu kuna kitu kinaitwa pigo la Ndahani. Vijana wanalisomea. Pigo la kwanza zito, la pili jepesi, tena limechelewa kidogo, kama limejikwaa. Kila wimbo unaouchanganya unauvuta hivyo, drams unazisogeza kwa mkono wako mpaka zijikwae. Watu wanalipenda. Wakwe zangu wamelichezea harusi. Ulilitoa wapi?"

Hapa, jamaa zangu, ndipo mtu mzima angesema ukweli akapumzika. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imekwisha. Mbele palikuwa ukuta na trei za mayai.

"Nililibuni," alisema Ndahani.

Loo! Alilibuni! Alibebwa mgongoni miaka miwili na nusu na mama anayechechemea, shavu lake limelala kwenye uti wa mgongo ule, tu nzito, ta nyepesi, tu nzito, ta nyepesi, kwenda kisimani, kurudi kisimani, kwenda kwenye kuni, kurudi na kuni. Kabla hajajua neno maji alijua pigo lile. Mwana hutazama kisogo cha nina, na huyu hakukitazama tu, alikisikiliza. Kisha akakua, akalichukua, akalipa jina lake, akalipeleka harusini kwa watu. Na yule aliyelitembea akamfuta. Mtu akikuibia kuku utamsamehe. Huyu aliiba kuku, akamwambia mwenye kuku kwamba hajawahi kufuga.

"Hodi," ilisema sauti.

Watu wakaruka. Mama Ndahani alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, karibu kabisa na meza, ameshikilia mtandio wake.

"Karibu, mama," alisema Bi Sechelela. "Sema."

"Nataka kusema msimhangaishe. Sauti ya chaneli ya sita ni yangu, na ya nane ilikuwa miguu yangu. Nilifunga njuga nikatembea nikiimba. Baadaye ni mimi niliyemwambia azitoe. Zilikuwa zinanibana. Na mlio wake, mimi mwenyewe sikuupenda. Mtoto kafuata maneno ya mama yake. Kosa liko wapi hapo?"



Na Ndahani, ninaona haya hata kulisema, Ndahani alipata nafuu. Pumzi moja nzima ilimtoka kifuani, ndefu, tamu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Mabega yakashuka. Alimtazama mama yake kwa shukrani, akaona mama hamtazami, anatazama kile kikombe kilichoachwa mezani. Ndipo pumzi ya pili ilipokataa kuja. Kulikuwa na nini cha kumshukuru? Alikuwa amesimama pale anamwachia mama yake ambebe mara ya pili, yeye na uzito wake wote wa mtu mzima, kwa nyonga ile ile. Aliwahi kuona aibu nyingi katika maisha yake, aibu ya nguo, aibu ya kiatu kilichotoboka. Aibu ya kupata nafuu hakuwahi kuijua, nayo ilimpanda kuanzia magotini.

Lakini alinyamaza. Niseme nini? Alinyamaza.

*

"Vizuri," alisema Bi Sechelela. "Mama kasema mwenyewe. Tukifika mwisho tutapiga lakiri. Ila dakika ya tatu haijapita, na mimi nina kitu changu pale, nimekuwa nacho siku nyingi."

Kila mtu alijua kitu hicho. Katika dakika ya tatu ya "Naja" kuna mahali mwimbaji anakatika. Anasema *Nyamaza*, halafu hasemi kitu. Pumzi moja, mbili. Vyombo vinaendelea peke yake. Kisha anarudi, *naja*, na sauti inayorudi si ile iliyoondoka. Imeshuka chini, imepoa, na hapo ndipo watu wazima kwenye dansi hufumba macho. Walimu wa muziki waliliandikia vitabu. Ndahani alikuwa ameujaza ule uwazi kwa mwangwi, ukawa kama pango.

"Ondoa mwangwi," alisema Bi Sechelela.

Akauondoa.

"Shusha gitaa. Shusha drams. Shusha vyote. Fungua ya saba peke yake."

"Ya saba ni zeze, Bi mkubwa. Hakuna kitu."

"Mpiga zeze alikaa wapi?"

Chiwanga akajibu yeye. "Kwenye mkeka mmoja na mama. Kipaza sauti cha zeze kilikuwa hapa, miguu ya mama ilikuwa hapa." Akaonyesha kwa viganja viwili, haikufika hatua.

Anayeijua kazi hii anajua kwamba sauti huvuja. Ukimwekea kila mtu kipaza sauti chake, bado kitamsikia na jirani, kwa mbali, kwa chini. Unaweza kumfuta mtu kwenye chaneli yake; kwenye chaneli za wenziwe atabaki, maana waliishi pamoja wakati ule, chumba kimoja, hewa moja. Ndahani alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana gitaa lilipanda. Kila mguu ulipoanguka ndani ya zeze, alilivuta gitaa akaufunika, mguu kwa mguu, wimbo mzima, siku tatu alifanya kazi hiyo bila kula vizuri. Hakuna wimbo aliouchanganya kwa uangalifu kama ule.

Akafungua ya saba.

Zeze lililia taratibu. Na chini yake pigo, dogo, la mbali, kama mtu anayekuja kutoka upande wa pili wa kilima: *tu*, ta. *Tu*, ta. *Tu*, ta. Nzito, nyepesi. Nje ya ukumbi mtoto mchanga aliyekuwa akilia tangu asubuhi akanyamaza.

Kisha wakasikia kingine. Kilikuwa kidogo zaidi, chembamba kama mlio wa mbu, kilitoka kwenye spika za masikioni ambazo mama alizivaa siku ile akirekodi. Watu wakainama mbele. Kilikuwa kicheko cha wanaume. Kisha sauti ya mgeni, bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa aliyekuja siku ile kuona studio:

*"Huyo mpiga njuga vipi? Mbona hajui kuhesabu?"*

Kicheko tena. Kisha sauti nyingine, changa, yenye haraka ya kupendeza watu:

*"Aa, achana naye. Ni mama mmoja tu wa jirani, tulimwokota. Nitamfuta."*

*Tu*, ilisema miguu. Ta haikuja.

Pumzi moja. Mbili.

*"...naja,"* akaimba mwanamke, na *tu*, ta, akaendelea kutembea.

*

Kuna kitufe. Kiko pembeni ya meza, chekundu, cha kuongea na aliyeko chumba cha kurekodia. Ukikibonyeza, unayoyasema yanamwingia masikioni. Siku ile kiwiko cha Ndahani kilikuwa kimekaa juu yake.

*Kiwiko. Alisikia. Si baadaye, si kwa watu. Palepale, akiwa katikati ya neno. Nilimwambia sikioni mwake. Na alimaliza wimbo. Alivua njuga, akazifunga kwenye kitambaa, akaniuliza, "Nimeimba vizuri, baba?" Nikamwambia, "Vizuri sana, mama." Nikampa soda. Miaka yote hii. Uzee unapunguza uzito. Labda, baba. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Alikuwa anajua. Kila hodi alikuwa anajua. Na mimi nilikuwa namkaribisha.*

Ndahani alitamani ardhi ipasuke immeze, na katika Mji ule jambo hilo linawezekana. Ardhi ilijitokeza kweli pale miguuni pake ikafunua mdomo, ikamngoja. Akaitazama. Akaona aibu hata mbele ya ardhi, ikajifunga.

Bi Sechelela alikuwa ameweka kitambaa chake chini. "Mama, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Mama Ndahani akafikiri, kama vile hajawahi kuulizwa. "Ningesemaje? Alikuwa kazini," alisema. "Mtoto akiwa kazini hasumbuliwi."

Chiwanga alifunika uso kwa viganja. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mkataa kwao mtumwa," na mwenziwe akamwambia anyamaze, si wakati wake. Wimbo ulikuwa umeingia dakika ya nne, na dakika hiyo, bila sababu yoyote, iliamua kwenda kasi kama dakika za kawaida.

Ndahani akasimama. "Chaneli ya nane..." alianza.

"Sikusikii," alisema Bi Sechelela.

"Chaneli ya nane ilikuwa..."

"Mji haukusikii, fundi. Bonyeza kile kitufe. Unakijua kilipo."

Akakibonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote za Mji, za vilabuni, za saluni, za kwenye madirisha, ikaingia jikoni kwa watu. Aliisikia ikimrudia kutoka nje, ikiwa imechelewa kidogo.

"Chaneli ya nane ni mama yangu. Anaitwa Mbeleje, anachechemea mguu wa kushoto. Wageni walimcheka, nami nikasema simjui. Nilimwonea haya. Njuga zake nilizifuta mimi, hakuniambia nizitoe. Na lile pigo mnaloliita langu si langu. Ndivyo anavyotembea."

Alitaka kuongeza samahani, ila aliliona neno lenyewe ni dogo, akaona haya nalo. Akaachia kitufe. Kwa mikono yake miwili akalishusha gitaa la Chiwanga mpaka chini kabisa, akakipandisha kishikizo cha saba. Chaneli ya nane ilikuwa tupu na ingebaki tupu. Alichofuta siku ile hakikuwa na pa kurudi. Kulikuwa na mvujo tu, ulioshikwa na zeze, wenye vumbi, usio safi. Huo ndio aliompa. Wimbo ukaisha nao: *tu*, ta, *tu*, ta, mpaka mwisho wa utepe.

Bi Sechelela alivaa viatu. "Wakwe zangu," alisema, "itabidi niwaambie walicheza mwendo wa nani." Watu wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyempita Ndahani hakumtukana wala hakumpa mkono.

Alipogeuka kumtafuta mama, mama hakuwepo. Na hakujua kama aliondoka kimya kwa kuwa miguu bado ilikuwa kimya, au ni yeye ambaye kwa wakati ule hakuwa akisikia chochote.

*

Ndahani alifika nyumbani kabla ya mama. Jua lilikuwa la mchana, la kuunguza shingo. Mkewe alimtazama mara moja, akachukua ndoo yake akaenda bombani. Spika ya jirani ilikuwa imeshafikisha habari. Ndahani akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, mbele yake lile bakuli la uji wa asubuhi limeganda utando juu.

Alingoja. Nisiwadanganye kwamba alikuwa na matumaini. Alichokuwa nacho ni hofu ya neno moja, hodi. Alijua akilisikia atatakiwa kulijibu, na jibu lake alilijua, alikuwa amelitoa kila siku. Akawaza afunge mlango. Akawaza aondoke aende asikojulikana, lakini Mji ule wenyewe ndio asikojulikana, sasa angekwenda wapi?

Zamani, uani hapo nje, watoto wa kaya tano walikuwa wakilazwa kwenye ngozi moja jioni mama zao wakirudi. Njuga zilikuja zote pamoja, zikichanganyikana, na watoto wenzake iliwabidi wakisie; walinyamaza, wakalia tena, wakanyamaza, mpaka wamwone mtu. Yeye hakuwahi kukisia. Katika njuga zote zilizoshuka kilima kile, kulikuwa na moja tu iliyojikwaa. Alikuwa ananyamaza wa kwanza. Bibi yake alimsifu kwa hilo, akawaambia watu mtoto huyu ana sikio.

Mbali, upande wa njia ya kisimani, kitu kikakanyaga jani kavu.

*Tu.*

Mwili wake ukatulia wenyewe kabla yeye hajaamua. Mgongo, mabega, mdomo.

Ta.

*Tu*, ta. *Tu*, ta. Zikapita kwenye mti wa mlonge, zikapita penye jiwe la kunolea visu, zikavuka ua taratibu, bila haraka, kwa mwendo wa mtu anayekuja kwake. Zikafika kizingitini, zikasimama. Ndahani aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua. Akangoja hodi.

Mama akaingia. Akampita alipokaa, akalichukua lile bakuli lililoganda, akalipeleka kwenye mafiga kulipasha moto, na hakupiga hodi.